Kutoka manamba hadi beki tatu

Nilikuwa Singida siku tisa, na nimerudi na hasira. Kama leo ulitaka mambo laini, samahani, pita tu, tutaonana wiki ijayo.

Hasira yenyewe ilianzia kwenye basi. Tunatoka Singida mjini kwenda Kiomboi, kiti cha watu wawili tumebanana watatu, na kijana wa pembeni yangu ana kitabu chembamba kilichochakaa mpaka jalada linashikiliwa na solotepu. Nikachungulia. Of Mice and Men, riwaya fupi ya John Steinbeck ya mwaka 1937. Nikafurahi, maana si kila siku unakutana na mtu anasoma Steinbeck kwenye njia ya Iramba. Kijana mwenyewe anasomea ualimu. Ukurasa wa mbele alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni:

Dhamira: 1. Upweke. 2. Ubaguzi. 3. Ndoto zilizovunjika.

Nikamuuliza kitabu amekionaje. "Kizuri kaka, ila ni mambo ya Wazungu yale. Mtu mzima hana ndugu, hana jirani, anazeeka na mbwa wake. Sisi huku tuna undugu."

Sikumjibu. Basi lilikuwa na kelele, na mimi si hodari wa kubishana uso kwa uso. Ubishi wangu huja baadaye, nikiwa peke yangu na kibodi. Basi namjibu leo, na ninyi wengine mliosoma mkafaulu mnaingia humohumo, kwa sababu alichosema yule kijana ndicho tunachosema sote: upweke ni ugonjwa wa ng'ambo. Ni uongo. Tena ni uongo unaotulipa vizuri.

Kwa ambao hamjakisoma, kisa ni kifupi. George na Lennie ni vibarua wa kuhamahama huko California, miaka ile ya 1930 uchumi wa Marekani umeanguka. Lennie ni pande la mtu, nguvu za ng'ombe na akili za mtoto, anapenda kushikashika vitu laini. George ndiye anayemwangalia. Wana ndoto moja tu: wapate kashamba kao, wafuge sungura, wale cha jasho lao na asiwepo wa kuwafukuza. Wanapata kibarua kwenye shamba la shayiri. Huko wanamkuta Candy, mzee aliyepoteza mkono kazini na anayejua kwamba siku moja atatupwa. Wanamkuta Crooks, Mweusi pekee pale shambani, mgongo umepinda, analala peke yake kwenye chumba cha kuhifadhia hatamu na matandiko ya farasi kwa sababu haruhusiwi kulala na wenzake. Na wanamkuta mke wa Curley, mtoto wa bosi, msichana aliyetaka kuwa mwigizaji wa sinema akaishia kuzungukazunguka shambani akitafuta mtu wa kuongea naye. Mwisho wake Lennie anamuua huyo msichana bila kukusudia, na George anampiga risasi Lennie kabla kundi lenye hasira halijamfikia. Shamba halikununuliwa.

Steinbeck alijua anachokiandika. Alizaliwa Salinas mwaka 1902, na ujanani alifanya kibarua kwenye mashamba ya namna hiyohiyo. Kisa kinatokea karibu na mji unaoitwa Soledad, neno la Kihispania lenye maana ya upweke. Na jina la kitabu limetoka kwenye shairi la Mskoti Robert Burns la mwaka 1785, linalohusu panya aliyebomolewa kiota na plau. Zingatia hapo. Kiota hakikubomoka chenyewe. Kilibomolewa, na nyuma ya plau alikuwepo mtu.

Ndiyo maana ile dhamira ya tatu ya rafiki yangu wa kwenye basi imenikera kuliko zote. Ndoto zilizovunjika! Kiswahili chetu kina kauli ya kutendeka, na kauli hiyo ni pango la kujifichia. Glasi imevunjika. Sahani imevunjika. Nani kavunja? Hakuna, imevunjika tu. Kila mtoto aliyewahi kuangusha chupa ya chai anaijua kauli hii na faida zake. Lakini Kiswahili hichohicho kina kauli ya kutendwa, na hiyo haikwepeki kirahisi: imevunjwa. Ukisema imevunjwa, mwenzako atauliza, imevunjwa na nani?

Hilo ndilo swali langu leo. Na sitaenda California kutafuta jibu, maana nyumbani lipo.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza, iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62 likaota pori la mkonge la Tanga, Pangani, Muheza, Korogwe, Morogoro mpaka Kilosa. Mkonge unataka mikono mingi, na watu wa pwani hawakuwa na hamu na kazi ile. Mikono ikatafutwa mbali: Kigoma, Songea, Tabora, Singida, na hata nje ya mipaka, Msumbiji na Ruanda-Urundi. Serikali ya mkoloni ilisaidia kwa njia yake. Ilidai kodi kwa fedha taslimu mahali ambapo fedha taslimu haikuwepo. Mwanamume wa Iramba mwenye mtama na ng'ombe wachache angelipa kwa nini? Akafunga safari.

Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha vibarua, ikajulikana kama SILABU. Mtu anaandikishwa kwao, anapewa namba, anapakiwa. Neno manamba linatokana na namba. Hebu lisome tena taratibu, maana tumelizoea mpaka hatulisikii. Mtu ameondoka kwao na jina lake, la baba yake na la ukoo wake, amefika Tanga amekuwa namba. Watoto wa Nairobi wanalijua neno hilo kama jina la wapiga debe wa matatu, na sidhani kama wengi wao wanajua lilikotoka.

Kazi ilikuwa kukata majani yenye mwiba nchani na utomvu unaowasha, kuyafunga mafungu mafungu ya majani thelathini, mpaka utimize kipimo cha siku. Ukitimiza unaandikiwa siku moja kwenye kipande. Siku thelathini zikijaa ndipo ulipwe. Ukiugua, siku haiandikwi. Usiku unalala kambini, na kambi zenyewe zilipangwa kwa makabila, hawa huku, wale kule. Wenye mashamba walikuwa na sifa za kila kabila kama za mifugo mnadani: hawa ni wakataji wazuri, hawa wavivu, hawa wakorofi, hawa watiifu. Na sisi wenyewe, wenyeji wa huko walikofikia, tukaligeuza neno manamba kuwa tusi.

Sasa niambieni, ndugu zangu wa dhamira tatu. Mtu ametoka Kinampanda, yuko kambini Korogwe, lugha ya majirani haijui vizuri, mke na watoto wako mwendo wa siku kadhaa, anahesabiwa kwa namba, anachekwa sokoni. Ule si upweke? Kwenye kitabu George anakaa mezani anacheza karata peke yake. Mnadhani kule Korogwe hakukuwa na mtu aliyekaa peke yake na kibao cha bao akisogeza kete za pande zote mbili?

Na ndoto walikuwa nazo. Hakuna aliyekwenda mkonge kwa kuupenda mkonge. Alikwenda kwa ajili ya ng'ombe wa mahari, bati, baiskeli, kodi ya mwaka huu na ya mwaka jana. Wapo waliorudi navyo. Wapo waliosema mwezi ujao nitarudi, na mwezi ujao, mpaka wakazikwa hukohuko, na wajukuu wao leo ni wenyeji wa Tanga. Mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, tukajisifu dunia nzima. Kisha kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, mengine yakageuka pori. Ile fahari ya tani mia mbili elfu ilikatwa jani kwa jani na watu ambao vitabu vyetu vya historia vinawataja kwa neno moja, na neno lenyewe ni namba.

"Hayo ni ya mkoloni," utaniambia. "Mkoloni kaondoka 1961."

Sawa. Basi turudi nyumbani kwako, sebuleni. Nani kakupikia chai uliyokunywa asubuhi?

Mjini tunamwita hausigeli, tunamwita dada, tunamwita msichana wa kazi, na tukiwa na wenzetu tunataka kuchekesha tunamwita beki tatu. Beki tatu! Namba tena. Miaka themanini tangu SILABU, na sisi wenye digrii, tunaoimba haki za binadamu kwenye semina za posho, bado tukimtafutia jina mtu anayetufanyia kazi tunaokota namba.

Na mnada wa makabila upo vilevile. Ingia kwenye kundi lolote la WhatsApp la mtaa wenu usubiri kidogo. "Wapendwa naomba mnitafutie msichana wa kazi, awe wa Singida au Iringa, asiwe mjuaji." Asiwe mjuaji! Yaani tunatafuta mtu wa kumwachia mtoto wetu mchanga kutwa nzima, na sharti letu la kwanza ni kwamba asijue kitu. Wa Singida wanasifiwa uvumilivu. Punda naye anasifiwa hivyohivyo. Huo ni ubaguzi, dhamira namba mbili, tena wa kumsifia mtu kwa kile unachotaka kumnyonya.

Crooks analala kwenye chumba cha matandiko ya farasi. Wa kwako analala wapi? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Kwenye godoro la sebuleni linalotandikwa baada ya wote kumaliza kuangalia tamthilia? Stoo, kati ya gunia la mchele na jenereta? Chumba cha watoto, sakafuni? Kuna mlango anaoweza kuufunga akalia bila kuulizwa analilia nini?

Kuna jambo moja kwenye ile riwaya wengi hulipita haraka. George na Lennie wanapofika shambani, bosi anawashuku. Anachoshuku ni urafiki wao. Haelewi kwa nini mtu amtetee mwenzake, anadhani lazima George anakula mshahara wa Lennie. Sasa kumbuka sheria za nyumba zetu. Dada asisimame getini. Dada asiongee na dada wa jirani, watafundishana umbea. Simu akae nayo mama, atampa Jumapili jioni. Kanisani au msikitini aende na sisi arudi na sisi. Tumemtoa kwao, tumemkataza kupata rafiki, kisha tunasema kwetu Afrika hakuna upweke. Huo wa kwake tumeutengeneza wenyewe, kwa kanuni, kwa sababu tunaogopa akipata rafiki atajua wenzake wanalipwa ngapi.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa naelekea Kiomboi.

Kazi ilikuwa alizeti, habari ya bei. Lakini nilikuwa na safari yangu nyingine ndani ya ile safari. Mwaka 2009 nikiwa darasa la nne, kwetu Dar es Salaam alikuja dada wa kazi kutoka Kinampanda. Jina la kijiji lilinikaa kichwani kwa sababu nililipenda, nikawa naliimba imba. Dada yule alinifunga kamba za viatu, alinipikia uji, alinificha siku nilipovunja kioo cha kabati. Kwenye madaftari yangu yaliyoisha alichora magauni. Mikono ya puto, mikono ya kengele, shingo za kila aina. Alitaka cherehani, ile ya Butterfly ya kukanyaga kwa miguu. Hakutaka nyumba, wala gari, wala bwana tajiri. Sungura wa Lennie ndiyo cherehani ile.

Mshahara wake alikuwa "anatunziwa". Wengi mnalijua neno hilo, limepita majumbani mwenu. Tunakutunzia mwanangu, ukiondoka utapewa wote kwa mpigo, usije ukauchezea. Akatunziwa miezi kumi na tisa. Mwezi wa ishirini zikapotea shilingi 40,000 kwenye droo. Hakukuwa na kikao wala ushahidi. Asubuhi alfajiri akapelekwa stendi na nauli. Yale ya miezi kumi na tisa yakaitwa fidia.

Baada ya wiki mbili zile fedha zilipatikana kwenye mfuko wa koti la suti, kabatini, mahali zilipowekwa na aliyeziweka kisha akasahau. Nakumbuka kimya cha siku ile. Ikasemwa kwamba atatafutwa. Hakutafutwa.

Basi nimefika Kiomboi, nimechukua bodaboda mpaka Kinampanda. Nimeingia kwenye mgahawa mdogo, nimeagiza chai na chapati, nimemwamkia mama mwenye mgahawa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikamwambia namtafuta dada mmoja wa hapa, alifanya kazi Dar, alirudi mwaka 2011 hivi.

"Binti wa nani?"

Sijui.

"Yeye mwenyewe anaitwa nani?"

Na hapo ndipo chai iliponikwama. Mama yangu alimwita Anna. Alimwita Anna kwa sababu aliyemtangulia aliitwa Anna, na nyumba nzima ilishazoea. Mimi nilimwita Dada. Miezi ishirini mtu amenilea, jina lake alilopewa na wazazi wake silijui. Nikasema, "Tulikuwa tunamwita Anna, lakini sidhani kama ndilo."

Yule mama hakunicheka wala hakunikaripia. Akafuta meza. "Mwanangu, waliokwenda Dar na kurudi ni wengi. Ungejua hata jina la baba yake."

Nikalipa chai nikaondoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kuomba radhi, nimeyapanga tangu Dodoma. Sikuwa nimejiandaa kukosa jina.

Msichana wa kwenye riwaya ya Steinbeck hana jina. Kitabu kizima anaitwa mke wa Curley. Walimu wengi hufundisha kwamba hiyo ni mbinu ya kuonyesha nafasi ya mwanamke. Siku ile nilitoka pale Kinampanda nikiwa nimeielewa mbinu hiyo kuliko nilivyotaka.

Sasa turudi kwa yule kijana na undugu wake. Kaka, undugu ninaujua, na mimi nimelelewa nao. Lakini angalia unavyotumika. Kwa nini dada wa kazi hana mkataba? Kwa sababu ni kama ndugu. Kwa nini hana likizo? Ndugu anachukuaje likizo kwa ndugu zake? Kwa nini anaamka saa kumi na kulala saa sita usiku? Familia haihesabu saa. Halafu siku shilingi 40,000 zinapopotea, undugu unakwisha kabla jua halijachomoza. Neno "dada" limetumika miezi ishirini badala ya mshahara, na asubuhi ya ishirini na moja likanyang'anywa nalo.

Sheria zipo. Crooks kule kwenye chumba chake ana rafu ya vitabu, na kimojawapo ni nakala iliyochakaa ya sheria za California za mwaka 1905. Haimsaidii kitu. Anatishiwa kunyongwa na mke wa Curley kwa sentensi moja, na palepale anafuta hata ile ombi lake dogo la kwenda kulima kwenye shamba la ndoto ya wenzake. Sisi tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inatoa saa 24 za mapumziko kila wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka, na haisemi isipokuwa beki tatu. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini kwa mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri. Elfu sitini! Watu wangapi ninaowajua mimi, wenye gari na bando la mwezi, hata hiyo waliiona kubwa.

Kinachonichosha zaidi ni unafiki wetu. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Pasipoti kunyang'anywa, mishahara kuzuiwa, kazi bila mapumziko, kufungiwa ndani, kupigwa. Tulilaani sana, na tulikuwa sahihi kulaani. Lakini weka ile orodha pembeni ya nyumba zetu. Badala ya pasipoti weka simu. Badala ya mshahara uliozuiwa weka mshahara unaotunzwa. Ndege ya Muscat weka basi la Kiomboi. Binti akifanyiwa hivyo Muscat ni utumwa, akifanyiwa hivyohivyo Sinza ni malezi?

Najua mnayoyaandaa kunijibu, ngoja niwapunguzie kazi.

Utasema na wewe mshahara wako mdogo, ungemlipa na nini. Nakuelewa, mimi ni mwandishi wa habari, usinifundishe mshahara mdogo. Lakini mkono unaokuwezesha wewe kwenda kazini ni wake. Kama mshahara wako hautoshi kuulipa mkono huo, gomba na mwajiri wako. Usimalizie hasira kwa aliye chini yako, kama wale wa shambani kwa akina Crooks, ambao kila mmoja ana wa kumkanyaga. Hilo ndilo fundisho baya kuliko yote la kitabu kile: hata wapweke hawapendani. Yule msichana asiye na jina, ambaye hana rafiki hata mmoja shambani, akipata tu nafasi anaitumia kumvunja Crooks.

Utasema wengine ni wezi kweli, wengine wanatesa watoto. Wapo, na polisi wapo. Na wahasibu wezi nao wapo, mbona hatuwapeleki stendi alfajiri bila kuwasikiliza?

Utasema wanakuja wenyewe, kijijini hakuna kitu. Manamba nao walikwenda wenyewe, ukiondoa ile kodi. Kijiji kisipokuwa na kitu, hilo linatupa wajibu, halitupi kibali.

Na utasema mimi nani, mbona kwetu tulifanya. Ndiyo, tulifanya. Nilikula ule uji.

Sitaki uandamane. Nataka vitu ambavyo unaweza kuvianza kabla ya Jumamosi. Mwite jina lake, lile la kwao. Mlipe mwisho wa mwezi mkononi au kwenye simu yake, na simu akae nayo yeye. Usimtunzie chochote, wewe si benki. Mpe siku moja ya wiki atoke aende anakotaka, akaonane na dada wa jirani, wapige huo umbea. Mpe mlango. Na muulize anataka nini maishani, kisha usicheke. Akisema cherehani, piga hesabu naye: ni ya bei gani, atahitaji miezi mingapi. Ndoto nyingi za watu hawa zina bei inayojulikana dukani. Hazivunjiki kwa sababu ni kubwa.

Niliporudi Dar nilimweleza mama kwamba nilifika Kinampanda. Alikuwa anachambua mchele. Akakaa kimya, akachambua, akakaa kimya. Nikadhani ataniambia ya kale yamepita. Mwisho akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Hivi aliitwa nani vile?"

Mimi sina jibu la kumpa. Wewe bado unaweza kuwa nalo. Yule aliyeko jikoni kwenu sasa hivi wakati unasoma haya, baba yake anaitwa nani? Kama unajua, nisamehe kwa kelele zote hizi. Kama hujui, inuka. Yuko hapo hapo, mlango wa pili. Nenda kamuulize.